UZI MAALUMU: Kuthibitisha, kusajiliwa na kusaini ni vitu vitatu tofauti. Mwaka wa kwanza someni kabla hamjapanda basi

Bwana Almanaka

Wakuu, heshima kwenu. Kila msimu wa udahili maswali ni yaleyale, na mengi yana chanzo kimoja: mtu akiona jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa anadhani kazi imekwisha. Bado. Kuna hatua tatu, kila moja ina mwenyewe, na wa hatua moja haangalii umefanya nini kwa mwenzake.

Kuthibitisha ni kati yako na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kusajiliwa ni kati yako na chuo. Kusaini ni kati yako na Bodi ya Mikopo. Ukithibitisha usiposajiliwa, chuo hakikutambui. Ukisajiliwa usiposaini, hela ipo kwa jina lako lakini huigusi.

Naanza na kuthibitisha. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa pamoja wa TCU ulishaachwa. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu kwa mpigo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba maalumu ya siri kwa SMS au barua pepe, zile zilizojazwa wakati wa kuomba. Unaingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo unachokitaka, unaiweka ile namba, unathibitisha. Nafasi yako kwenye vyuo vingine inaachwa. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hana cha kuthibitisha, asikeshe akisubiri SMS.

Namba haijaja? Mara nyingi laini iliyojazwa ni ya mwenye steshenari aliyekufanyia maombi. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuomba namba itumwe tena. Kama simu yenyewe ni ya mtu mwingine, wasiliana na ofisi ya udahili ya chuo wakurekebishie kwanza, kisha uombe tena. Na yote haya yafanyike dirisha likiwa wazi. Likishafungwa unazungumzia awamu inayofuata, kama ipo, na kozi zenye ushindani zinakuwa zimejaa.

Wenye uzoefu wa mikopo na usajili, karibuni mjazie.

Nyota ya Kilosa

Asante mkuu. Kabla hatujafika mbali: mdogo wangu ana D mbili na E moja kidato cha sita, wa juzi tu hapa. Watu wanamwambia hafai digrii. Kweli?

Bwana Almanaka

Si kweli. Kwa waliomaliza 2016 na kuendelea, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. D mbili zinafika. Ila hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na masharti hayo yanataja masomo. D mbili za Historia na Kiswahili hazikupeleki uhasibu ikiwa kozi inataka hisabati. Afungue mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, asome mstari wa kozi yenyewe, hasa kile kisehemu cha ufaulu wa kidato cha nne ambacho watu wanakiruka.

Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu nyingine kwa sababu kulikuwa na B+: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwa hiyo C ya 2015 si C ya leo.

Wa diploma waangalie GPA (wastani wa pointi za masomo), kizingiti cha kawaida ni 3.0.

Shangazi wa Bodi

Nimeuona uzi, ngoja niingie kwenye mkopo maana huko ndiko machozi yaliko.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo jina lako la kweli kwenye mifumo. Si jina ulilopewa na bibi. Kama umerudia mtihani una namba mbili. Sasa mtu anaomba chuo kwa namba ya mtihani wa kwanza, anaomba mkopo kwenye OLAMS (mfumo wa Bodi wa maombi mtandaoni) kwa namba ya mtihani wa pili. Chuo kimemdahili, Bodi imempangia, ila mifumo ikikutanishwa inaona watu wawili tofauti. Matokeo: mwanafunzi yuko darasani, mkopo wake unaning'inia. Tumieni namba moja kote, na ile nyingine ijazwe panapoulizwa kama umefanya mtihani zaidi ya mara moja.

La pili ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kukipandisha, na cha kifo kama mzazi amefariki. Wa Zanzibar wanahakiki kwa mamlaka ya huko. Uhakiki hautoki siku hiyohiyo, na dirisha la mkopo likikaribia kufungwa foleni inakuwa ndefu. Fanya uhakiki mapema hata kama dirisha la mkopo halijafunguliwa.

Tatu, majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Salumu Juma, cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi S. Juma, hilo mara nyingi linapita. Lakini kimoja Salumu, kingine Selemani, hapo unahitaji hati ya kiapo kwa wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ya pili inachukua muda, usiianze wiki ya mwisho.

Fomu yenyewe: ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000 na inalipwa mara moja. Ukishaijaza unaichapa, inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Kisha kurasa zenye sahihi unazipiga skani na kuzipandisha. Wanaoachwa nje hapa ni wale ambao mhuri haukusomeka au picha ya mdhamini haikubandikwa. Tumia mashine ya skani. Picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya koroboi haisomeki, na hakuna mtu atakayekupigia kukuuliza mhuri unasemaje.

Na mwisho kabisa, kuna kitufe cha kuwasilisha. Kuna watu wamejaza kila kitu, wamepandisha kila kitu, hawakubonyeza. Fomu ambayo haijawasilishwa haipo.

Kijana wa Geita

Shikamoo shangazi. Mimi nimeona kwenye akaunti yangu nimepangiwa, ada asilimia fulani na chakula na malazi. Hiyo hela ya chakula inakuja lini, na inapitia wapi?

Shangazi wa Bodi

Marahaba mwanangu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 chakula na malazi vinahesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Bumu, yaani hela hiyo ya kujikimu, linatoka kwa awamu za takriban siku 60. Kwa mwenye asilimia mia hiyo ni 600,000 kwa awamu. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Asilimia yako ikiwa ndogo, zidisha mwenyewe ujue kitakachoingia, usisubiri kushangaa.

Lakini haiingii kwa sababu tu umepangiwa. Mlolongo uko hivi: unasajiliwa chuoni, chuo kinapeleka taarifa kwamba upo, Bodi inaleta malipo, wewe unasaini kwa alama ya kidole, ndipo benki inaingiza. Kidole lazima kiwe kimesajiliwa na afisa mikopo wa chuo, na namba ya akaunti ya benki iwe yako, jina lilingane. Akaunti ya kaka haikubaliki.

Halafu hili liwekeni akilini: ada nayo inasainiwa. Watu wanasaini bumu wanakimbia, ada wanaiacha kwa sababu haiingii mfukoni. Isiposainiwa, chuo hakilipwi, na mwisho wa muhula unazuiwa mtihani kwa deni ambalo Bodi ilishalitengea fedha. Malipo yasiyosainiwa ndani ya muda uliowekwa yanarudishwa Bodi, na kuyarudisha tena ni barua juu ya barua.

Mpiga Muhuri

Niongeze usajili, maana Shangazi amesema "unasajiliwa" kama vile ni kitu kimoja. Ni viwili.

Kwanza kuna usajili wa mwanafunzi. Unakuja na vyeti halisi: kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita au diploma, barua ya udahili, picha ndogo, na fomu ya afya iliyojazwa hospitalini na kupigwa mhuri. Matokeo uliyoyachapa mtandaoni si cheti. Kama cheti cha kidato cha sita bado hakijatoka, chuo kinakuambia utumie nini kwa muda. Unalipa kwa kontroo namba (namba ya kumbukumbu ya malipo) inayotolewa ndani ya mfumo wa chuo (UDSM wana ARIS, SUA wana SUASIS, kila chuo na wake). Mbali na ada kuna michango midogo, mmojawapo ni 20,000 kwa mwaka ya TCU ya uthibiti ubora. Mkopo haulipi hiyo michango. Mwenye mkopo wa asilimia mia naye aje na fedha mkononi ya michango, ya kuanzia chumba, na ya kula wiki kadhaa kabla bumu halijasimama sawa.

Pili kuna usajili wa kozi, na huu unarudiwa kila muhula. Kwa kawaida ni wiki mbili za mwanzo, tarehe zenyewe zipo kwenye almanaka, yaani kalenda ya masomo ya chuo. Unaingia kwenye mfumo, unachagua kozi za lazima na za hiari hadi krediti zitimie. Digrii ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, takriban 60 kwa muhula. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi yote, mihadhara na kujisomea humohumo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120.

Usiposajili kozi, unaweza kuhudhuria, kufanya majaribio, hata kuingia kwenye mtihani ikiwa msimamizi hakukagua, na mwisho alama hazina pa kukaa. Mhadhiri anazo kwenye karatasi, mfumo hauna mstari wa jina lako. Wa hiari ndio wanaonaswa zaidi: alibadili kozi wiki ya tatu, aliongeza mpya, ile ya zamani hakuitoa. Inabaki kwenye rekodi bila alama. Baada ya kusajili chapa ukurasa au piga picha ya skrini yenye tarehe.

Nyota ya Kilosa

Na kontroo namba hizi za matapeli tunazijuaje? Kuna mtu anauza "nafasi ya hosteli" kwenye kundi la WhatsApp.

Mpiga Muhuri

Kontroo namba ya serikali ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Kabla ya kukamilisha malipo, simu au benki inakuonyesha jina la anayelipwa. Likiwa si la chuo, acha. Anayekuambia tuma kwenye namba yake binafsi kisha "atakuingiza" ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Na kontroo namba ina muda wake wa kuisha. Ikikataa, tengeneza mpya kwenye mfumo, usiazime ya mwenzako. Ukilipia ya mwenzako umelipa ada yake.

Hosteli za chuo zinaombwa kwenye mfumo, na vyuo vingi vinawatanguliza mwaka wa kwanza na wenye ulemavu. Ukikosa, chumba cha mtaani Dar (Changanyikeni, Makongo, Sinza, Mabibo) wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Tafuteni mwenzenu mpange wawili. Dalali naye anataka chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, wenye tarehe na sahihi ya mwenye nyumba, si ya dalali.

Hesabu Haidanganyi

Mmeongea hela, ngoja niweke GPA, maana mtu anafika mwaka wa tatu ndio anauliza inapigwaje.

A ni 70 na kuendelea, B+ 60–69, B 50–59, C 40–49. Chini ya 40 umefeli, D au E. Pointi: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Mfano wa muhula:

krediti 12, A = 60
krediti 12, B+ = 48
krediti 12, C = 24
krediti 8, B+ = 32
krediti 8, B = 24
krediti 8, B = 24

Jumla 212, gawa kwa 60, unapata 3.53. Inaandikwa 3.5. Sasa ile B+ ya krediti 8 ingekuwa B, jumla inakuwa 204, GPA 3.4. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili juu 3.5 hadi 4.3, la pili chini 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6. Kwa hiyo kozi moja ndogo, alama 59 badala ya 60, imekuhamisha daraja. Na sehemu nyingi desimali ya pili inakatwa, haipandishwi. 3.49 ni 3.4.

Angalieni pia mgawanyo. Mpango wa kawaida ni 40 kwa majaribio na kazi za muhula, 60 kwa mtihani wa mwisho. Mtu anayekwenda kwenye mtihani na 14 kati ya 40 anahitaji 26 kati ya 60 apate C tu. Mwenye 30 anahitaji 10. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kunaanzia kwenye lile jaribio la wiki ya tano ambalo watu hawakwenda.

Sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli: ukifaulu unaandikiwa C hata ukipata 85. Mtihani maalumu, yaani wa aliyeahirisha kwa ruhusa, alama zinahesabiwa zote. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukiugua siku ya mtihani usijikongoje uingie ufeli, ukitegemea kuonyesha karatasi ya hospitali baadaye. Nenda zahanati ya chuo, pata karatasi, andika barua ya kuomba kuahirisha kabla mtihani haujaanza. Ukishaingia ndani, chuo kinachukulia ulikuwa mzima.

Dada wa Kigoma

Kaka, na ukiahirisha mwaka mzima? Mkopo unakufa?

Hesabu Haidanganyi

Dada, haufi kama umeahirisha kwa utaratibu. Barua inaanzia idarani, inapitia kwa mkuu wa kitivo na Mshauri wa Wanafunzi, na uamuzi unatoka kwa naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Ambatisha ushahidi: wa daktari, au wa msiba, au wa ada. Usiondoke hadi una barua ya kukubaliwa mkononi. Anayeondoka kimyakimya anahesabiwa ametoroka masomo.

Nakala mpelekee afisa mikopo. Malipo yatasimama, ndivyo inavyotakiwa. Ukiendelea kusaini bumu huku uko nyumbani, hilo ni kosa, utadaiwa. Ukirudi, chukua barua ya kurejea masomo, mpelekee tena afisa mikopo, bila hiyo Bodi haijui umerudi.

Shangazi wa Bodi

Nyongeza hapo. Kwa wanaoendelea, kila mwaka chuo kinapeleka matokeo Bodi. Ukiwa na alama ambazo hazijakamilika, jina lako halipiti na bumu la mwanzo wa mwaka linachelewa. Mkikuta wenzenu wameingiziwa nyinyi bado, msianze kumtukana waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi. Nendeni kwenye mfumo mkaangalie kama matokeo yote ya mwaka uliopita yapo. Ikikosekana kozi moja, mfuateni mhadhiri au mratibu wa mitihani wa idara, ndiye mwenye kurekebisha. Afisa mikopo hana uwezo wa kuingiza alama.

Mama Mlezi

Watu wanaijua ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kwa hosteli na kesi za nidhamu tu. Ina kazi zaidi. Kuna washauri nasaha, na huendi ukiwa umefikia ukingoni ndipo usikilizwe, unaweza kwenda kwa kukosa usingizi au kwa kukosa chakula. Aliyefiwa, aliyekosa ada, mjamzito anayetaka kujua mitihani itakuwaje, wote wanaanzia hapo kwa sababu barua ya ofisi hiyo inafungua milango mingine. Ukienda, nenda na namba ya usajili na maelezo ya maandishi ya nusu ukurasa. Maneno matupu yanasahaulika foleni ikiwa ndefu.

Wenye ulemavu: kwenye mkopo kuna fungu la vifaa saidizi, ila linataka fomu ya kuthibitisha ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Jazeni wakati wa kuomba. Chuoni, ombeni mapema muda wa ziada wa mtihani, maandishi makubwa, nukta nundu au mkalimani wa lugha ya alama. Ombi la wiki ya mtihani halitekelezeki kwa sababu karatasi zinakuwa zimeshachapwa.

Na wasichana, na wavulana pia: mhadhiri au mtumishi anayetaka ngono ili akupe alama anatenda kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe, usimjibu kwa hasira, usiende ofisini kwake jioni "kumalizana". Peleka kwenye dawati la jinsia la chuo, au piga TAKUKURU 113, ni bure. Kabla ya hapo, hifadhi nakala za majaribio yako yaliyosahihishwa. Alama zikiguswa baadaye, hizo ndizo zitakazoonyesha.

Kijana wa Geita

Asanteni sana wakuu, nimechapa uzi wote. La mwisho: bima ya NHIF, ile 50,400. Baba ni mtumishi, nina kadi yake. Nalipa tena?

Mpiga Muhuri

Kama kadi iko hai, usilipe. Peleka kadi na nakala yake wakati wa kusajiliwa, waandike namba yake kwenye taarifa zako. Angalia tarehe ya mwisho iliyopo kwenye kadi, maana utegemezi una ukomo wa umri, na ikiisha katikati ya mwaka unaingia bima ya wanafunzi kwa kontroo namba ya chuo. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ni sawa na kwenye mfumo wa chuo. Na ukishasajiliwa, nenda zahanati ya chuo siku ambayo huumwi ukafunguliwe faili, pasipo foleni ya malaria ya Machi.